Mtoto Niliyemwashia Moto

Mvua za mwaka huu zimeiangusha nyumba ya chini ya babu yangu, na mimi sikusikitika hata kidogo. Baba alinipigia simu asubuhi, sauti imemkauka kama anayetangaza msiba. "Paa limeingia ndani," akasema. Nikamwambia vizuri. Nikarudia: vizuri, Baba, liache huko huko. Lakini ni baba yangu, na mgongo wake haumruhusu tena kuinama, kwa hiyo nikamvalisha mwanangu Hepi sweta, tukapanda pikipiki kutoka mjini Karatu kwenda kumsaidia kuokoa miti. Miti ile ya zamani ni migumu, bado inafaa kwa zizi.

Harufu ndiyo iliyonikamata. Udongo mbichi, moshi wa miaka mingi uliogandia kwenye nguzo, na chini yake mkojo wa ng'ombe waliokwisha kufa kabla sijazaliwa. Nilisimama pale palipokuwa mlango, mtu mzima, mama wa mtoto, nina cheti changu cha kidato cha nne na kibanda changu cha kushona, na mikono yangu yote miwili ikaenda yenyewe kujificha kwapani. Hepi akaniangalia. "Mama, unasikia baridi?" Nikamjibu ndiyo. Huo ulikuwa uongo, na nilipousikia ukitoka mdomoni mwangu nilijichukia, maana ni uongo wa namna hiyo hiyo ulionilea mimi.

Wenzangu mliokulia kwenye miteremko ile mnazijua nyumba hizo. Kwa wasiozijua: sisi Wairaqw, ambao wengine hutuita Wambulu, zamani tulichimba nyumba ndani ya mlima, watu na ng'ombe pamoja, paa la miti na udongo likawa sawa na ardhi, likaota nyasi. Wamaasai wakija kuchukua mifugo wapite juu ya vichwa vyetu wasijue. Babu aliichimba yake kweli, kwa kuishi. Baba yeye alituzaa akiwa tayari na nyumba ya mabati juu kwenye kilima, lakini ile ya chini hakuibomoa, na akili yake hiyo ndiyo iliyotuletea wageni.

Wageni waliletwa na Fanueli, kijana mwongoza watalii kutoka Arusha mwenye miwani ya jua na filimbi shingoni. Alikuwa na mzunguko wake. Asubuhi watu wanashuka kreta kuona wanyama. Kesho yake, kabla ya kurudi Arusha, anawapitisha kwenye shamba la kahawa jirani yetu kuona nyumba ya Mjerumani. Nyumba ya mawe, ina bomba la moshi na madirisha madogo, na nyuma yake chini ya miti ya misanduku kuna kaburi la huyo Mjerumani mwenyewe, lenye msalaba wa chuma. Wakishalipiga picha kaburi, anawaleta kwetu kwa njia ya kwenye mibuni, kuona tulivyojificha. Nyumba ya aliyekuja, halafu nyumba ya aliowakuta. Fanueli alikuwa akisema hivyo kila mara na wazungu waliitikia kwa kichwa kila mara.

Kazi yangu ilikuwa moto. "Bila moshi hawa watu hawaamini," Fanueli alisema. "Wataona shimo tu." Kwa hiyo wageni wakikaribia anapiga filimbi kutoka kwenye kahawa, na mimi niwe nimeshawasha, moshi unatoka katikati ya nyasi kana kwamba mlima wenyewe unapika. Wazungu walipiga kelele ya furaha. Nilikuwa na miaka saba, sina meno mawili ya mbele ya juu, na niliona kazi hiyo ni kubwa kuliko ya mwalimu mkuu.

Kisha mdogo wangu Tluway akafa. Alikuwa bado ananyonya. Alikohoa siku nne, kikohozi kidogo kikavu kama mtu anayebisha mlango kwa ukucha, na siku ya tano hakukohoa. Hakuna mtu aliyekaa na mimi akaniambia amekufa. Niliona tu Baba akitoka na jembe na Mama akiwa amekaa sakafuni, maziwa yanamlowanisha gauni, hayafuti.

Bibi yangu mzaa baba, ambaye kwetu tunamwita Aama, alichukua nyumba mikononi mwake siku ile ile. Alikata tawi akalilaza katikati ya njia inayopanda kwetu. Majirani walipoliona wakageuza ng'ombe wao wakapita kwingine. Mama Safari, ambaye kila siku alikuja kuomba kaa la moto na kukaa saa nzima kusengenya, alisimama mbali, akalia kidogo, akaondoka. Tulikuwa kwenye meeta. Ndivyo wazee wanavyoita kutengwa kwa nyumba iliyofiwa na mtoto wa kunyonya. Katekista alikwisha sema kanisani kwamba mambo hayo ni ya giza, yaachwe, na Baba alikuwa ametikisa kichwa kukubali akiwa benchi la mbele. Nyumbani hakuligusa lile tawi.

Aama aliniweka mbele yake, akanishika kidevu. Macho yake yalikuwa yameanza ukungu lakini vidole vyake viliona kila kitu.

"Sikiliza vizuri. Moto wetu hautoki hapa. Chakula chetu hakitoki. Mkono wetu hautoki, humshiki mtu."

"Ukitoka, Aama?"

"Unatoka na kile kilichomchukua mdogo wako. Kinaingia kwa mwingine."

"Kinaingia wapi?"

"Usiulize kama polisi. Umesikia au hukusikia?"

Nilisikia. Mungu wangu, nilisikia. Usiku huo nilijilaza nikiwa nimelalia mikono yangu. Nilijua sasa kwamba kile kitu hakijaondoka na Tluway, kimebaki, kinaishi kwenye jiko letu na kwenye ngozi yangu, na kinangoja mtu wa kumwendea.

Hata tawi halijakauka, Baba akanivuta nyuma ya zizi. Baba yangu ni mtu wa sauti kubwa. Siku ile alinong'ona, na mnong'ono wa mtu wa sauti kubwa unatisha.

"Kesho Fanueli analeta wageni."

"Na meeta?"

"Hao si Wairaqw. Haiwahusu. Watapitia chini, kwenye kahawa, hawapandi huku. Tukikataa atahamia kwa Boay, na kwa Boay nyumba imechimbwa juzi juzi, ni ya uongo." Akatazama nyumbani, kisha mimi. "Aama asijue. Mama yako hasa, asijue. Na moto, washa kwa kiberiti. Usichukue wa jikoni. Umenielewa? Wa jikoni usiguse."

Mnaona? Ikiwa haiwahusu, kwa nini moto wa jikoni usiguswe? Mtu mzima angeuliza. Mimi nilipokea kiberiti, nikakaa nacho, na kwa kuwa nililalia mikono yangu usiku kucha, nikalalia na kiberiti. Asubuhi kilikuwa kimelowa jasho. Nilipiga njiti ya kwanza, ikaacha alama nyekundu. Ya pili. Ya kumi. Nilikuwa peke yangu chini ya ardhi, gizani, napiga njiti na kulia, na mara filimbi ikalia kutoka kwenye kahawa.

Nilipanda mbio. Aama alikuwa chumbani na Mama, namsikia akimbembeleza anywe uji. Niliingia jikoni, nikachukua kipande cha chungu kilichovunjika, nikatia kaa moja, kaa moja tu dogo, nikashuka nalo nikilipulizia. Nikiwa njiani nilisema kwa sauti, kwa Kiiraqw, ili kile kitu kisikie: baki, baki, usije. Kisha nikawasha.

Waliingia watano, wameinama, wanacheka wanapogonga vichwa. Nyuma yao akaja mbwa wa shamba la kahawa, jina lake Polisi, aliyependa kufuata wageni kwa sababu ya biskuti. Na katikati yao alikuwepo mtoto. Sikuwahi kuona mtoto kwenye mzunguko ule. Msichana wa umri wangu, nywele nyeupe kama nyuzi za hindi changa, amezifunga kwa kibanio cha raba cha manjano. Alikuja moja kwa moja akakaa kwenye kigoda kilichokuwa karibu na mimi, akanyoosha mikono yake motoni, akanitazama, akafungua mdomo. Hakuwa na meno mawili ya mbele ya juu.

Nami nikafungua wangu.

Tulicheka wote wawili, na hapo ndipo nilipoingiwa na hofu kamili, kwa sababu nilimpenda. Kama angekuwa mzungu tu, mrefu, mwenye kamera, ningeogopa kidogo. Huyu alikuwa kama mimi. Nilikuwa nimeweka hindi motoni, langu, la kifungua kinywa changu ambacho sikula. Fanueli akaliona.

"Mpe mgeni hindi, we. Usiwe mchoyo mbele za watu."

Nilimtazama Baba. Alikuwa amesimama mlangoni, ameziba mwanga. Alijua hindi lile limetoka nyumba gani. Alichodhani ni kwamba moto ni wa kiberiti, na labda moyoni alikwisha piga hesabu yake kwamba hindi peke yake si kitu. Aligeuza uso, akatazama nje, kwenye mibuni.

Nikampa. Alilitafuna kwa upande, kwa meno ya pembeni, kama nilivyotafuna mimi siku zote hizo. Punje zikadondoka, Polisi akazilamba, mtoto akampa na kipande kingine, naye akamlamba mkono. Mama yake akatupiga picha. Kisha upepo ukageuza moshi, ukamwingia yule mtoto kifuani, akaanza kukohoa. Kikohozi kidogo, kikavu. Ukucha kwenye mlango.

Mama yake alimbeba nje akicheka. Wote walicheka, Fanueli naye, "Karibu Iraqw!" Mimi nilikuwa nimesimama ukutani. Walipokuwa wanaondoka mtoto akaponyoka, akarudi mbio, macho mekundu, akatoa kile kibanio cha manjano nywelini akanivisha mkononi. Alinishika. Vidole vyake vilikuwa vya moto kutokana na moto wetu. Kisha wakapotea kwenye kahawa, na kikohozi kikaenda nao, nikakisikia mpaka kwenye nyumba ya Mjerumani, au nilidhani nakisikia.

Masika yakaanza wiki ile ile. Na magari yakaisha.

Mimi leo najua. Kila mtu wa Karatu anajua: mvua ikikolea watalii wanapungua, loji zinafunga vyumba, madereva wanarudi makwao, njia za kreta zinakuwa utelezi. Ni jambo la kila mwaka. Lakini miaka iliyotangulia nilikuwa mdogo, sikuyahesabu magari. Mwaka ule ndio nilianza kuyahesabu. Kila asubuhi nikienda shule nilisimama juu ya lami nikitafuta Landkruza lenye paa la kuinuka. Siku ya kwanza nilikuta mawili. Kisha moja. Kisha malori ya vitunguu tu na basi. Ukungu ulishuka kutoka msitu wa kreta ukalala barabarani, na hakuna kilichotoka ndani yake.

Nilipanga mwenyewe jinsi ilivyotokea. Mtoto alirudi lojini na kile kitu kifuani. Jioni wazungu wote hukaa pamoja kuota moto mmoja mkubwa, Fanueli alishatuhadithia. Kwa hiyo kikaingia kwao wote. Wengine wakapanda ndege nacho. Ndiyo maana hawaji. Hawapo. Kulikuwa na nchi nzima huko ng'ambo, na akina mama wamekaa sakafuni wakiwa na magauni yaliyolowa, na mimi ndiye niliyebeba kaa kwenye kigae.

Msicheke. Au chekeni, lakini mjiulize nani angeniambia vinginevyo. Mama hakuwa anasema. Aama nisingeweza kumwambia, angejua nimetoa moto. Baba nilimwogopa kwa sababu aliniambia wa jikoni usiguse, nami niligusa. Tulikula ugali tukiangaliana, mimi na yeye, masika yote.

Kitu kimoja nilikuwa na hakika nacho: mzungu akifa anazikwa nyuma ya nyumba ya Mjerumani. Kaburi la mzungu nililolijua lilikuwa hilo moja, hivyo nilidhani ndiko wanakopelekwa wote, kama sisi tunavyozikwa kwetu. Kila siku baada ya shule nilipita kwenye mibuni, chini ya misanduku inayodondosha maji, kuangalia kama wameongeza la pili. Nilikuwa nafika nimefumba macho, nahesabu mpaka tano, nafumbua. Msalaba mmoja. Nakimbia nyumbani. Kesho tena.

Siku moja nikafumbua macho na udongo ulikuwa umechimbwa.

Tuta jipya, jekundu, limelowa, limepigwapigwa kwa bapa la sepetu. Fupi. Urefu wa mtoto. Sikukimbia, sikulia, nilipiga magoti kwenye tope, nikavua kibanio cha manjano, nikaanza kukifukia pale, nikisema samahani kwa Kiswahili cha shule kwa sababu Kiingereza nilichojua ni kuhesabu tu: samahani mgeni, samahani mgeni.

"We binti! Unafanya nini hapo?"

Alikuwa Mzee Ntandu, mlinzi wa shamba, Mnyaturu wa Singida, amevaa koti la mvua la kijeshi. Alikuwa mkali kwa wezi wa kahawa lakini kwa watoto alikuwa na pipi mfukoni.

"Naomba msamaha, babu."

"Kwa Polisi?"

Sikuelewa. Akachuchumaa, magoti yakamlia. "Nimemzika Polisi hapo. Jana. Au mliwahi kumpiga mawe nyie, ndio maana unamwomba msamaha?" Akacheka peke yake. "Mtoto wa Kimbulu una roho nzuri. Basi ameshakusamehe, nenda nyumbani, mvua hii."

Ni mbwa. Nilisimama na pumzi ikanirudia, kweli ilirudi, ilifika mpaka shingoni. Nikauliza tu, kwa adabu, kama watoto wanavyouliza.

"Alikufa na nini, babu?"

"Nani ajuaye? Jioni alikula vizuri. Asubuhi namwita, kakauka."

Pumzi ikatoka tena. Polisi alikuwepo. Polisi alikula punje za hindi lile, aliota moto ule, alilamba mkono ule. Wa kwanza amekufa. Nilitembea kwenda nyumbani nikiwa na ushahidi, na tangu siku ile sikwenda tena kuangalia kaburi, kwa sababu sikuwa na haja ya kuangalia. Nilikwisha jua.

Mvua zilipokoma magari yakarudi. Mtu angedhani hapo nitapona. Niliyaona, nikasema hawa ni wengine, hawakuwepo lojini usiku ule, na nikaapa hawa sitawaua. Fanueli akapiga filimbi na mimi nikapanda juu ya mti wa mkwaju nikajifunga kwa kanga ya Mama. Baba alinichapa. Nilichapwa mara tatu ndipo akampa binamu yangu kazi ya moto. Nikapata sifa ya kiburi: haamkii kwa mkono, hagawi chakula, hakopeshi kaa. Sekondari, bwenini, waliniita Malkia, kwa sababu nilikula peke yangu, nimegeukia ukuta. Tawi lilishaondolewa njiani zamani, Aama alishafanya ya kufanya, majirani walirudi na masengenyo yao. Wote walitolewa kwenye meeta isipokuwa mimi, kwa kuwa hakuna aliyejua kwamba nimo.

Na akili ya shule haikunisaidia. Nilisoma baiolojia, najua vijidudu, najua nimonia, najua ndiyo iliyomuua Tluway. Lakini nilipojifungua Hepi na nesi akasema mpakate, mimi nikaomba glavu. Akanicheka. "Glavu za nini, dada, mtoto si wako?" Nilimshika mwanangu nikimsikiliza kama atakohoa. Miezi yake yote ya kunyonya nililala nimekaa.

Basi ndiyo hayo niliyokuwa nayo kwapani juzi, Hepi akiniuliza kama nasikia baridi. Aama alishakufa. Mama naye tulimzika mwaka juzi. Tuliobaki wa nyumba ile ni Baba na mimi, na kazi ilikuwa kuvuta miti. Tukavuta. Baba yuko juu na kamba, mimi chini na panga nakata mizizi, na nilipoing'oa nguzo ya karibu na mlango, kati yake na udongo kulikuwa na kitu kimesukumwa ndani sana, kimefungwa kwa nailoni nene ya mbolea, kikakazwa kwa mpira wa baiskeli.

Bahasha. Ndani picha mbili. Ya kwanza ni sisi, mimi na yeye, motoni, midomo wazi, mapengo manne. Ya pili ni yeye peke yake mbele ya mlango wa bluu, amevaa sweta, ameshika hindi bichi na maganda yake, amekuwa mrefu kidogo, nywele zimekatwa. Anacheka. Meno mawili ya mbele yapo, mapya, makubwa kuliko uso wake, kama yanavyokuwa kwa watoto wote. Nyuma ya picha kuna Kiingereza cha mwandiko wa mtoto, na kidato cha nne kilinitosha kukisoma: kwa msichana aliyetuwashia moto.

Nilikaa chini kwenye kifusi. Kisha nikapanda.

"Baba. Hii ilikuja lini?"

Aliitazama nailoni kabla ya kuitazama picha. Kwa hiyo aliijua.

"Fanueli aliileta. Wakati tunavuna maharage."

"Mwaka ule ule?"

"Ule ule."

"Ukaificha ukutani." Nilikuwa napiga kelele, nakiri, Hepi aliacha kucheza. "Mimi nilikuwa najifunga juu ya mti, unanichapa, na hii iko ukutani!"

"Sikujua kwa nini unakataa. Nilidhani ni ukaidi."

"Uliniuliza?"

Akaanza kuizungusha kamba mkononi.

"Aama alikuwa haoni vizuri, Baba. Ungenionyesha tu, dakika moja."

"Mama yako alikuwa anaona." Akakaa juu ya gogo, kamba mkononi. "Angeona yeye yuko ndani na maziwa yake na mimi niko huku chini nachekesha watu. Na baada ya mavuno, mimba yake ikatoka. Hukujua, ulikuwa mdogo. Nikajua ni mimi. Nilipitisha watu kwenye meeta, nikatoa hindi la nyumba, nikageuza uso."

"Katekista alisema ni mambo ya giza. Ulitikisa kichwa."

"Katekista hakuwa na mtoto kaburini mwaka ule."

"Moto ulikuwa wa jikoni," nikamwambia. "Kiberiti kililowa. Nilibeba kaa."

Alinyanyua uso. Nilimwona akipiga hesabu, mzee wa watu, bado, baada ya miaka yote hiyo: hindi, na moto pia. Nikaona hofu ile ile niliyoilea mimi ikipita machoni mwake, na kwa kitambo kidogo tu nilitaka kumhurumia. Lakini yeye alikuwa mtu mzima, mwenye mke na benchi la mbele kanisani. Mimi nilikuwa sina meno. Angeniambia neno moja tu, yuko hai, ningetoa mikono yangu kwapani na kuishi. Hili sijamsamehe, na naliandika nikiwa sijamsamehe.

Hepi alikuwa ameshaichukua picha kutoka mkononi mwangu, na vidole vyake vya tope.

"Mama, huyu nani?"

"Muulize babu yako."

"Babu, huyu nani?"

Baba alinitazama ili nimwokoe. Nikachukua panga langu nikafuta tope kwenye bapa, polepole. Akakohoa. Akamvuta mjukuu wake karibu, akaishika picha mbali na macho kama wazee wanavyofanya.

"Huyu ni mgeni," akasema. "Mama yako alimwashia moto humo chini."

"Halafu?"

"Halafu akampa hindi. Akala. Moshi ukamfanya akohoe kidogo."

"Akafa?"

Mtoto wa miaka mitano. Sijui amelipata wapi swali hilo. Labda linapita kwenye maziwa. Baba alisogeza picha karibu, kisha kwa ile sauti yake kubwa ya zamani, ambayo Mama angeisikia toka ndani ya nyumba ya juu, akasema:

"Hapana. Alirudi kwao. Halafu meno yake yakatoka."